Jiwe Lililochemshwa

Siku niliyonunua lile jiwe la matumbawe, muuza samaki wa mapambo aliniambia mambo mawili. La kwanza, tangi jipya la maji ya chumvi halitaki pupa, liachwe litulie lenyewe. La pili, vile vidude vilivyoota juu ya jiwe, vinavyofanana na vifungo vya shati, vina sumu kali: nisivishike bila glavu, nisivimwagie maji ya moto hata siku moja, na niwaambie wote nyumbani. La kwanza nililifikisha kwa mke wangu siku hiyohiyo. La pili nikalikalia.

Nililikalia kwa sababu namjua mke wangu. Ni mwalimu wa hesabu, na akisema amesema. Tangi lenyewe alilikubali kwa mbinde, baada ya miezi miwili ya kumbembeleza, kwa sharti kwamba kitu cha hatari kisikanyage sebuleni kwake. Ningetamka neno sumu, jiwe lingerudi dukani na mimi nimelibeba. Nikajiambia, kwani nani atachemsha jiwe? Mtu mzima na ndevu zangu, fundi wa mafriji ninayeaminiwa na nusu ya mtaa, nikajidanganya kirahisi namna hiyo.

Basi nikawa mtumwa wa maji. Asubuhi napima chumvi, jioni napima joto, katikati nachungulia pampu kama mtu aliyeweka chungu motoni. Mke wangu akanibandika jina la Profesa. Wiki ya tano utando wa kahawia ukaanza kutanda kwenye kioo, kwenye mchanga, mpaka juu ya vifungo vyangu, vikajikunja vikagoma kufunguka. Nikampigia muuzaji.

"Kaka, tulia," akaniambia. "Kila tangi jipya linapita hapo. Hayo ni makamasi ya utotoni, yatakauka yenyewe."

Nilitulia siku mbili. Ya tatu nikashindwa.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Mama huyu alifanya usafi hospitalini miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo aliamini dawa moja tu, maji yanayochemka. Anachemsha vitambaa vya jikoni, vitana, vijiko, hata kopo la kuogea. Nilizoea kumtania kwamba nikisinzia kwenye kochi nitaamkia ndani ya sufuria, naye hucheka mpaka akafuta machozi. Nampenda yule mama. Nalisema mapema, maana nitakayoyaeleza hayafanani na mapenzi.

Jumamosi asubuhi mke wangu alikwenda shuleni kusimamia mtihani. Nikavaa glavu, nikalitoa jiwe, nikaliweka jikoni ndani ya beseni lenye maji ya tangi, nipate kulisugua taratibu kwa mswaki. Hata sijaanza, simu ikaita. Mwenye bucha: friji limezima, nyama imejaa. Nikavua glavu, nikachukua mfuko wa vifaa. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Mama, narudi sasa hivi," nikamwambia. Basi. Sikuongeza neno.

Nilirudi baada ya saa moja na nusu. Nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ya bahari iliyopikwa. Madirisha ya jikoni yalikuwa yamefungwa na vioo vyake vimejaa mvuke. Juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa inatokota, na jiwe langu ndani yake limeanza kuwa jeupe. Mama amekaa sakafuni, ameegemea kabati, amejifunga sweta mbili na bado anatetemeka.

"Mwanangu, nimeshikwa na baridi ghafla," akasema. "Na mdomoni nasikia ladha ya chuma." Akakohoa, akashika kifua. "Nimekusafishia jiwe lako. Lilikuwa chafu, jamani!"

 Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na nimewahi kurushwa na umeme. Nilibana pumzi, nikazima jiko, nikamkokota mama mpaka uani, nikapiga kelele kumwita jirani mwenye gari. Njiani nilikuwa nahesabu pumzi zake. Kila ilipochelewa moja, na mimi nilisahau kuvuta yangu. Midomo ilikuwa inaniwasha, nikajua mvuke ule umenigusa na mimi, na sikujali.

Hospitalini walimvalisha barakoa ya oksijeni, wakavuta pazia. Daktari, msichana mwenye sauti ya upole, akanigeukia.

"Alikuwa anapika nini?"

Hapo ndipo nilipojijua mimi ni mtu wa namna gani. Nilitaka kusema dawa ya choo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Dawa ya choo ni ajali, haina mwenyewe. Nyuma ya pazia mama akakohoa kikohozi kirefu kisichotaka kwisha, nikaona nikidanganya watamtibu ugonjwa mwingine, afe mbele ya macho yangu.

"Jiwe," nikasema. "Matumbawe. Yana sumu."

Alinitazama kama mgonjwa mwingine. Nikampigia muuzaji, nikampa daktari simu azungumze naye. Alisikiliza, akaandika, akapiga simu nyingine mbili. Kisha akaniambia hawana dawa ya kuiondoa sumu ile mwilini. Watamsaidia kupumua, watauangalia moyo. Saa chache zijazo ndizo zitakazosema.

Mke wangu akafika mbio, kalamu nyekundu bado iko sikioni.

"Mama amepatwa na nini?"

"Amevuta mvuke mbaya jikoni."

Hakuuliza zaidi, akaingia. Nilibaki kwenye benchi. Kila muuguzi aliyetoka nilimsoma uso, na kila uso niliuona unaleta msiba. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Niliomba, na katikati ya maombi nikajikuta namwomba Mungu mke wangu asijue, nikajichukia.

Saa kumi daktari akatuita. Homa imeshuka, pumzi zimetulia, atalala hapa kwa uangalizi ila hatari kubwa imepita. Mke wangu akalia. Mimi nikashika ukuta.

Mama alishusha barakoa kwa kidole, akaninyooshea mkono. Nikaupokea. Ulikuwa wa moto na mwepesi.

"Nisamehe, mwanangu," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Nimekuulia maua yako. Wiki zote zile unayalea, mimi nimekuja kuyapika."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nilitaka kusaidia. Wala usijilaumu. Hukujua kama yana sumu. Ungejua, ungeniambia."

Mke wangu alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda. Aliacha kujifuta machozi. Alinitazama tu, kama anavyomtazama mwanafunzi mwenye jibu sahihi lisilo na hesabu zake.

"Nilijua," nikasema.

 Mama alirudisha barakoa usoni, kisha akautoa mkono wake ndani ya wangu, taratibu, akauficha chini ya shuka.