Benzi ya Kuombewa

Kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa mbele. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, kabla hata sijaitazama nyota ya kwenye boneti. Viti vingi tunavyoletewa huchakaa mgongoni, au ubavuni pale mtu anaposugua paja akipanda na kushuka. Hiki mgongo wake ulikuwa mzima kabisa. Lakini ukingo wa mbele, chini ya magoti, ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinaonekana. Mwenye gari hili alikuwa na tabia ya kukaa ameinama mbele kwa muda mrefu, akisubiri kitu.

Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji. Nilichukua mkasi nikaanza kufumua.

Naitwa Shamsia. Nashona viti vya magari pamoja na mjomba wangu, Zaidi, kwenye kibanda chetu Soweto, hapa Moshi mjini. Shule niliiachia darasa la tano, mama alipougua, na baadaye sikurudi. Juma lile tulipanda Masama, nyumbani kwa Bibi Veronika, kushona viti vya Benzi ya marehemu mumewe, Mzee Remigius. Jumamosi mjukuu wao Flavia alikuwa anaolewa. Tangu akiwa mtoto babu yake alimwahidi: "Wewe utatoka hapa kwenda kanisani ndani ya Benzi." Mzee akafariki, miaka sita ikapita, na Benzi ikabaki bandani katikati ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, nyuma ya ua wa masale, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Tulitoa mayai kumi na moja kabla ya kuanza kazi.

Mjomba Zaidi anapenda Benzi kama wengine wanavyopenda Simba na Yanga. Siku tulipokifungua kiti alipiga ukelele.

"Njoo uone! Shamsia, njoo uone!"

Ndani hamkuwa na sponji. Mlikuwa na nyuzi ngumu kama makumbi ya nazi, zimegandishwa kwa mpira, na chini yake springi zimepangwa mstari kwa mstari, hakuna hata moja iliyokatika. Karibu miaka hamsini! Nilizibonyeza kwa kiganja zikanirudisha juu. Nilicheka peke yangu. Nimeshona viti vya magari ya juzi tu ambayo sponji yake ukiigusa inakuwa unga.

"Hao ndio Wajerumani," Mjomba alisema huku pini ziko mdomoni. "Unajua Mercedes ni jina la nani?"

"La mtoto wa kike, mjomba."

"Hujui vizuri."

Nilikuwa najua vizuri, nimesikia mara mia, lakini napenda anavyosimulia. Kwamba kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa akinunua magari ya Daimler na kuyauza kwa matajiri wenzake, akataka yaitwe kwa jina la binti yake. Kwamba ncha tatu za nyota ni nchi kavu, majini na angani, kote ambako Daimler alitaka injini zake zifike. Kwamba Benz na Daimler waliunda magari yao wakati mmoja, katika miji isiyo mbali, na inasemekana hawakuwahi hata kupeana mkono. Kampuni zao ziliungana mwaka 1926, Daimler ameshazikwa zamani.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Bertha, mke wa Benz. Mumewe alikuwa ameshaunda gari, ila watu hawalinunui, wanaliogopa. Asubuhi moja ya mwaka 1888 Bertha akaamka, akawachukua wanawe wawili, akalitoa gari bila kumwambia mume, akaenda kwa mama yake. Zaidi ya kilomita mia! Mafuta yakaisha, akanunua kwenye duka la dawa. Bomba likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Milimani wanawe wakashuka wakasukuma. Breki za mbao zikaisha, akamtafuta fundi viatu wa kijijini azipigilie ngozi.

"Fundi ngozi!" Mjomba hupaza sauti kila akifika hapo. "Mwenzetu huyo, Shamsia! Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani, na sisi tumo!"

Shida ilikuwa moja. Benzi ya Masama ilikuwa haiwaki.

Fundi wa injini alikuwa Julius, kijana wa mjini, hodari sana wa Toyota. Alikuwa ameweka betri mpya, ameosha tangi, ametia dizeli safi, ametoa hewa kwenye mabomba. Gari lile halikuwashwa kwa kuzungusha ufunguo peke yake. Ukishaufungua ufunguo, kuna kifundo cheusi karibu na usukani, unakivuta. Julius alikivuta kwa nguvu, injini ikakoroma, moshi mweupe ukatoka nyuma, kisha kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Plagi za kupasha moto nimezipima, nzima!" alilalamika. "Dizeli inafika! Hili gari lina kiburi tu."

Bibi Veronika alikuwa na maelezo yake. "Hamliombei. Marehemu mzee hakuliwasha siku hata moja bila kusali. Baba Yetu moja, Salamu Maria tatu. Ndipo linawaka."

Basi Jumanne wakamleta katekista. Walisimama kulizunguka gari, wakasali rozari nzima, wakalinyunyizia maji ya baraka. Julius akapanda, akafanya ishara ya msalaba, akavuta kifundo. Injini ikakoroma, ikanyamaza. Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya masale akasema, "Labda ni la Kilutheri hilo," watu wakacheka mpaka katekista mwenyewe akacheka. Bibi hakucheka.

Alhamisi asubuhi, Tito, baba yake Flavia, alipanda na mtu kutoka Arusha aitwaye Wilson, mnunuzi wa magari mabovu. Wilson alikuja na lori lenye winchi ya kuvutia magari. Akakaa kwenye ngazi ya lori akitafuna muwa.

"Mama," Tito alisema, "tumejaribu. Keshokutwa ni harusi, banda nataka kulivunja tuweke turubai la wageni. Hadi saa sita. Lisipowaka, Wilson analibeba."

"Analipeleka wapi?"

Wilson ndiye aliyejibu, muwa mdomoni. "Halifiki mbali, bibi. Milango kwa mtu mmoja, vioo kwa mwingine. Hata hiyo nyota ina mteja."

Flavia alikuwa mlangoni na rola za nywele kichwani. Aligeuka akaingia ndani. Bibi Veronika aliishika kanga yake kwa mikono miwili. "Hadi saa sita," alikubali, kwa sauti ndogo.

Saa tano na nusu Julius alikuwa ameshakata tamaa. Baridi ilikuwa kali, mlima umejifunika, na chini ya banda kulikuwa na mfereji, kwa hiyo hata kulisukuma mteremkoni hawakuthubutu. Wanaume waliitwa kula mtori wa ndizi. Mimi sikwenda. Naona haya kula mbele za watu nisiowajua, halafu nilikuwa nimebakiza kukifunga kiti cha dereva. Nilikaza boliti nne, nikakaa kukijaribu.

Kilikuwa kizuri! Ngozi mpya imebana, springi zinanibeba. Ndipo nikakumbuka ule ukingo uliolika. Nikasogea mbele, nikainama kama alivyokuwa akiinama mwenyewe.

Nikaona mambo mawili. Mkono wangu ulikuwa umefika wenyewe kwenye kile kifundo, na upande wa dole gumba kifundo kilikuwa kimelainika, rangi imekwisha, kama mpini wa jembe la zamani. Kitu kinachovutwa mara moja na kuachwa hakiliki hivyo. Hicho kilikuwa kimeshikwa, kikashikiliwa. Na karibu yake, usawa wa macho yangu, kulikuwa na kijiwavu kidogo cha duara, mfano wa kifuniko cha kopo la chumvi. Ndani yake kuna waya mwembamba umejisokota.

Nilikivuta kifundo polepole. Kikafika nusu, kikakwama. Injini haikukoroma. Nikakishikilia hapo hapo. Sijui nilisubiri muda gani. Ndani ya kile kijiwavu, gizani, waya ukaanza kuwa mwekundu, kidogo tu, kama jiko la umeme linapoanza kushika.

Niliruka nikakiachia.

Bibi Veronika alikuwa amesimama pembeni na bakuli la mtori. Alikuwa ameniletea.

"Kula, mwanangu. Usione haya."

"Bibi," nilisema, na sauti yangu niliisikia ngeni, "babu alipokuwa anasali, mkono wake ulikuwa wapi?"

"Mkono?" Akafikiri. "Hapo hapo kwenye kifundo. Anakivuta kidogo, anainama, anasali. Nilikuwa namgombeza. Namwambia, Baba Tito, mtu anasali amefumba macho, wewe unalikodolea gari!"

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee alikuwa anautazama waya! Plagi zilikuwa zinapata moto ndani ya injini, na waya ule ulikuwa unamwonyesha zimefika wapi. Sala ilikuwa ndiyo saa yake. Katekista alisali kwanza, kisha Julius akavuta moja kwa moja mpaka mwisho, injini ikiwa ya baridi kama jiwe. Sala yenyewe haikuwa na kosa, walikosa tu kushika kifundo.

Nje nilisikia mnyororo wa winchi ukiburutwa. Wilson alikuwa amemaliza muwa wake.

Nilipaswa kwenda kumwita Mjomba, au Julius, au Tito. Miguu ilikataa. Kwenda kusimama mbele ya wanaume wote wale na vijiko vyao, niseme mimi wa darasa la tano nimeona waya? Wangesema, mtoto, shona viti.

"Bibi," nilisema, "panda."

Alinitazama. Akaweka bakuli chini, akazunguka, akapanda upande wa abiria, pale alipokaa siku zote. Nilihakikisha gia iko huru na mawe yako kwenye magurudumu. Nikafungua ufunguo, nikavuta kifundo nusu, nikakishika.

"Sali, bibi. Kama alivyokuwa anasali yeye. Usiharakishe."

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza.

Nami nikasoma Alhamdu moyoni. Ilipofika "Salamu Maria" ya kwanza waya ulikuwa mweusi bado. Ya pili, ukawa na rangi ya kutu. Mnyororo ukagonga nyuma ya gari, kwang! Bibi hakukatisha. Ya tatu, waya ukawa mwekundu, ukawa wa chungwa, ukang'aa kama kaa la moto linalopulizwa.

"Amina," alisema bibi.

Nikavuta mpaka mwisho.

Ilikoroma mara mbili. Ya tatu ikashika! Banda lote likatetemeka, moshi mweupe ukamfunika Wilson na mnyororo wake, kuku wakaruka juu ya paa, na injini ikatulia ikaanza kugonga taratibu, tak-tak-tak-tak, kama watu kumi wanaotwanga pamoja. Kiti changu kilikuwa kinatetemeka chini yangu. Kiti changu, nilichokishona! Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimcheza.

Walikuja mbio. Tito ana kijiko mkononi, Flavia peku, rola moja imemtoka. Mimi nilikuwa nimeshashuka, naokota mkasi na pini upande wa nyuma.

"Nilisema!" Julius alipiga kelele. "Ilikuwa hewa kidogo imebaki! Imetoka yenyewe!"

Tito akamkumbatia mpaka akamnyanyua.

"Ni sala," Bibi alisema, naye Flavia akampigia magoti na kumkumbatia miguu. Wilson aliinua mnyororo wake, akatikisa kichwa. "Hizi gari hazifi," alisema, wala hakuonekana amekasirika. Akaomba kupiga picha nayo.

Jioni ile Bibi alimwita Tito bandani akamfundisha: mkono hapa, vuta nusu, inama, sali, tazama. Aliponipa mkono wa kuniaga alinishika muda mrefu. "Aika, mwanangu," alinishukuru kwa Kichaga, akinong'ona. Hakusema zaidi, kwa sababu nilikuwa nimemwomba kwa macho asiseme.

Jumamosi nilisimama kwenye masale nikaitazama ikitoka. Tito aliinama kwenye usukani, midomo ikimcheza, halafu ikawaka. Flavia alikuwa nyuma kwa gauni jeupe, amekaa pale kuku walipokuwa wakitaga. Julius alipewa nafasi ya mbele, mkono nje ya dirisha kama waziri. Wanawake wakapiga vigelegele kutoka kihamba mpaka kihamba, mlima nao ukafunguka ghafla, theluji juu, na ile nyota ya boneti ikashuka barabarani ikimeta.

Tulipokuwa tunateremka kurudi mjini Mjomba Zaidi aliniuliza, "Shamsia, Alhamisi ni nani aliyewasha lile gari?"

Nilimjibu, "Bibi."

Hakuniuliza tena, nami sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Sasa nasema. Mjomba, niliiwasha mimi. Sikuomba ruhusa, kama Bertha. Na sitaki tena kukaa kwenye kiti cha dereva kwa kukijaribu tu. Nataka kujifunza kuendesha.