Miguu ya Mpaka Rangi

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, na maji ya kuoshea nywele yalichelewa kupata moto. Msusi alisuka akiwa amesimama, uzito wote ameuweka mguu wa kushoto, kwa sababu kisigino cha kulia kilimchoma kana kwamba amekanyaga msumari.

"Watu unawapendezesha, mwenyewe unatembea kama kuku aliyefungwa kamba," alisema karani wa posta, aliyekuwa kitini, kichwa kimesukwa nusu. "Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nikaweka soli za ndani, zile za kutengenezewa kwa kipimo cha mguu wako. Sasa nitazame."

"Nimekwenda hospitali kuziulizia. Yule mtaalamu kanitembeza peku ukumbini, nenda rudi, nenda rudi. Kanibonyeza nyayo. Kataka aone na viatu vyangu vikuukuu vimelika upande gani. Halafu anasema nirudi kujaribishwa, na nikishazivaa nirudi tena arekebishe. Dada, hizo ni soli au posa?"

Saluni nzima ilicheka. Karani akamwelekeza kwenye duka la barabara kuu: unapanda juu ya kioo, taa inapita chini, kesho unachukua.

Mama yake msusi, ambaye haoni, alikuwa na neno moja tu. "Chagua anayekutazama ukitembea, mwanangu. Mtu ni mwendo." Yeye alimjua binti yake kwa hatua tangu akiwa kwenye kona ya mtaa, na alimfungulia mlango kabla hajabisha hodi. Kisha walisali pamoja, ndipo wakala.

Msusi alichagua kioo. Aliomba kwanza, kama alivyoomba kabla ya kila jambo, lakini aliomba tu duka lisiwe limefungwa. Mwenye duka, mtu wa koti jeupe, hakumwambia atembee. Alitazama taa ikipita, akaingia nyuma ya pazia. Kesho yake alimkabidhi soli mbili ndani ya mfuko mzuri.

Maumivu yaliisha siku hiyo hiyo. Jioni, alipofunga saluni, miguu yake ilikata kushoto badala ya kulia. Ilimpitisha mitaa asiyoijua, ikamfikisha kwenye mlango wa buluu. Karani wa posta alikuwa ameshafika. Walikuwepo pia mlinzi wa benki na mwalimu wa hesabu, wote wateja wa duka lile. Mwenye nyumba, mwanamke mjane, alikuwa akikunja nguo.

"Karibuni," alisema. "Futeni miguu. Yeye naye alikuwa akisahau."

Walikaa mpaka miguu iliporidhika ikawaachia, wakarudi makwao.

Msusi alikuta mama ametia komeo. "Wewe mwanamume, umepotea nyumba."

"Ni mimi, mama."

"Sauti ni yake. Hatua si zake."

Baadaye alifungua. Msusi akavua viatu, akatembea peku sakafuni. Mama akatega sikio. "Bado yupo," alisema, akaanza sala ya jioni peke yake, na chakula alichopakuliwa hakukigusa.

Ikawa hivyo kila jioni. Mjane alizoea kuchemsha chai ya watu wengi. Aliwaeleza kwamba huo ulikuwa mwendo wa marehemu mumewe, mpaka rangi. Alikuwa amekwenda kupimwa kwenye duka lile kwa sababu miguu ilimteleza kwenye ngazi. Alisema soli atazichukua Ijumaa. Alhamisi alipanda tangi la maji la shule, akaanguka.

Jumatano moja miguu yao iliwasimamisha mlangoni, ikawageuza, ikawapeleka mpaka mwisho wa mtaa, kisha ikawarudisha. Mjane aliweka birika chini.

"Hivyo ndivyo alivyofanya siku tuliyogombana," alisema. "Kesho yake asubuhi ndipo alipopanda tangi."

Walikwenda dukani wote pamoja. Pazia lilikuwa limesogezwa kando, na rafuni kulikuwa na kalibu moja tu ya plasta, mguu wa kulia na wa kushoto, imechakaa kwa kazi, kidole cha mwisho kimepanda mgongo wa jirani yake.

"Hii ni miguu ya nani?" mjane aliuliza, ingawa alikuwa ameshaikumbatia.

"Ya mteja mmoja, hakurudi," alisema mwenye duka. "Mguu mzuri sana. Unafaa watu wengi."

"Lakini sisi ulitupima," alisema mwalimu.

"Taa iliwapima. Mguu ni mguu, mwalimu. Kuna anayeumwa hapa?"

Walitazamana. Hakuna aliyeumwa.

"Basi." Akaichukua kalibu mikononi mwa mjane, taratibu, akawaomba wapishe. Nyuma yao kulikuwa na foleni, na kioo kilikuwa kimeshawaka.

Hospitali walimkuta mtaalamu akifunga mlango. Akaufungua tena. Aliwatembeza ukumbini mmoja mmoja, akawatazama kwa makini. "Mwendo huu nitautoa," alisema, "ila utatoka polepole. Tuseme wiki kadhaa."

Hawakuwa nazo. Kesho ilikuwa Alhamisi.

Wakaishia kwa mama yake msusi, naye akawakalisha wote, mjane karibu na mlango. Aliomba kwa muda mrefu, akimtaja na marehemu, kwa kuwa alikuwemo chumbani. Kisha akanyoosha mkono, akashika wa binti yake.

"Hawa ni mashahidi," alisema.

Chini ya kigoda mguu wa kulia wa msusi uliinuka, ukapapasa hewani, ukapata pa kukanyaga. Wa kushoto ukafuata. Mama aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Na wewe, baba, unasemaje?" aliuliza kuelekea sakafuni.

Miguu iliendelea kupanda.

"Basi sema wewe, mwanangu. Sema wote wasikie."

"Naahidi, mama," alisema msusi kwa sauti, "mbele ya Mungu na mbele ya hawa waliokaa hapa: kesho asubuhi sitapanda."