Droo ya Mengineyo

Jumanne saa nne asubuhi, Scolastika alipanga vikombe vinne katika chumba cha kumbukumbu cha kituo cha afya, mtaani Kambarage. Vitatu vilikuwa vya wajumbe wa kikao. Cha nne kilikuwa cha marehemu mumewe, Bujiku, aliyekuja kila Jumanne tangu azikwe mwaka 1993.

Bujiku hakuwa na makuu. Aliulizia watoto, kisha akasimama kando ya droo iliyoandikwa "Mengineyo", kadi yake ilimolazwa. Tatizo ni mikono. Ilitetemeka vilevile kama siku zake za mwisho machimboni Geita, na chai yote iliishia kwenye shati.

"Mama Lusia, bado hawajajua niliugua nini?"

"Bado, Baba Lusia. Wanabishana."

Na kweli walibishana. Walipewa kazi ya kutengeneza orodha moja ya magonjwa, ili kadi za wagonjwa, daftari la mifugo na maneno ya waganga yaelewane. Daktari Naznin alipanga magonjwa kwa kiungo kinachougua. Donatus, bwana mifugo, alipanga kwa maji na malisho. Mganga Maige, mbishi kupindukia, alipanga kwa aliyeyatuma. Miezi minne kila mmoja alivutia kwake, na Scolastika, mwandishi wao wa mihtasari, alikata tamaa kabisa. Alitaka mumewe apumzike, basi.

Siku hiyo Naznin alimtazama Bujiku akimwaga chai, akasema ni mishipa ya fahamu. Donatus akasema mbuzi wanaokunywa maji ya kuoshea dhahabu hutetemeka hivyohivyo.

"Sasa nani kawatumia ugonjwa huo?" Maige alifoka. "Kila siku nauliza, mnanicheka!"

Hapo ndipo walipokumbuka kumuuliza mgonjwa mwenyewe.

"Zebaki," alisema Bujiku. "Tuliishika mikono mitupu, tukaichoma, tukavuta moshi wake."

"Zebaki haina miguu," alisema Maige. "Nani aliileta?"

"Mwenye shimo. Alitugawia kila asubuhi."

Donatus alikohoa, kwa maana mwenye shimo alikuwa mtu anayeheshimika. Lakini walikubaliana: kila ugonjwa uandikwe kiungo, mahali na mtumaji. Scolastika akaitoa kadi, akajaza yote matatu kwa kalamu ya wino.

Mikono ya Bujiku ikatulia. Akanywa chai mpaka majani, akashukuru, akaaga. Scolastika alilia kwa furaha, mzigo wa miaka mitatu umemtoka, akaosha vikombe huku akiimba.

Orodha ilipigwa chapa ikasifiwa wilayani. Mwenye shimo alipelekewa nakala. Akaisoma yote, akawapongeza wataalamu kwa ushirikiano, akawachangia rimu mbili za karatasi.

Mwezi uliofuata waliingia vijana saba kutoka shimoni kwake, wote hai, wote wakitetemeka. Scolastika aliitikia shikamoo zao, akawaandika mmoja mmoja, na safari hii hakuhitaji kuuliza chochote.