Tumeshiba, Ahsante

Mwatum alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wa choo cha wanawake ukiwa nusu wazi nyuma yake. Mtoto yumo ndani ya buibui ananyonya, na mkono mmoja wa mama umeshika sura ya pili ya tasnifu yake. Aliponiona alitabasamu. "Mheshimiwa mwakilishi," akasema, "karibu ofisini kwangu." Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Sisi wa uzamili tulikuwa wachache katika chuo kile cha Pemba: walimu, wauguzi, bwana shamba mmoja, wote watu wenye kazi na watoto. Vijana wa shahada ya kwanza walikuwa na kantini yao, serikali yao na kelele zao. Sisi tulikunywa chai tumesimama chini ya ngazi, kila mtu na chupa yake, na kipindi kikiisha kila mtu na njia yake. Nilisoma mwaka mzima na Nassor wa Konde bila kujua kwamba amefiwa na mama yake. Hilo liliniuma kuliko alama mbaya. Tungejuaje, nasi hatuna hata pa kukaa tukatazamana usoni?

Uwakilishi wenyewe wa wanafunzi wa uzamili niliupata kwa kuchelewa. Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo siku ya uchaguzi, na langu nikalikuta linanisubiri.

Mtihani wangu ulikuwa Mwalimu Haroub. Alinifundisha darasa la nne kule Ole, na sasa, karibu anastaafu, tumekaa dawati moja tunasomea shahada moja. Mimi nasimamia wodi nzima ya wazazi, wakunga wananiogopa, lakini Mwalimu akikohoa tu nafunga mdomo. Mbele yake mimi ni yule yule Samiha wa kufuta ubao.

Siku tuliyoitwa na mkurugenzi wetu wa uzamili kwa ile shida ya pa kukaa, tulikwenda watatu: mimi, Mwatum na Mwalimu. Dakta Kihwele ni mtu wa Iringa, mpole na mnyoofu, hana mzunguko wa maneno. "Kipo chumba kitupu karibu na maktaba," akasema. "Kina dirisha na feni. Nikiwapa, kitawafaa?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu akakohoa.

"Dakta, usijitaabishe," akasema kwa upole. "Sisi watu wazima, hata chini ya ngazi tunakaa. Tumeshukuru sana."

Lo! Mpemba yeyote angejua kilichosemwa pale. Ukikaribishwa chakula nyumba ya watu, huirukii sahani. Unasema umeshiba, mwenye nyumba anakushika mkono. Unasema tena umeshiba, anakuvuta, ndipo unakaa. Anayekubali mwito wa kwanza ni mroho, na mama yake atasemwa. Basi tukatulia pale vitini, tunangoja kuvutwa.

"Vizuri," akasema Dakta, akashusha pumzi. "Kuna watu wa mitihani wanakililia kile chumba. Nitawapa wao Jumatatu."

Nje, Mwalimu alisimama juani amekunja uso. "Mbona hakutushika mkono?" akaniuliza. Mwatum alimhamishia mtoto bega la pili. "Mimi basi, Samiha," akasema taratibu. "Nitaacha. Mwanangu hatokulia mlango wa choo." Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilirudi ndani peke yangu, nikamwambia Dakta kwamba chumba tunakitaka, tulikitaka tangu mwanzo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Bi Samiha, mzee wenu alikataa nanyi mkanyamaza. Nikikupa wewe sasa, nitakuwa nimemdharau yeye. Aniambie mwenyewe."

Jumapili nikenda Ole. Njia nzima nilitafuta sentensi ya kumwambia mwalimu wangu kwamba adabu yake imetuponza, na kila niliyoipata ilikuwa na tusi ndani yake. Nilimkuta uani na mkewe, Bi Zulekha, wanachambua karafuu, makonyo, vile vijiti vyake, upande huu, karafuu upande ule. Nikawaamkia. Jikoni muhogo wa nazi ulikuwa umeshaiva.

"Karibu chakula, Samiha," akasema Mwalimu.

"Nimeshiba" ilinijia ulimini yenyewe. Nikaimeza.

"Ahsante, Mwalimu. Nitakula. Nina njaa."

Mkono wa Bi Zulekha, uliokwisha kunyoshwa kunivuta, ulibaki hewani. Mwalimu akaacha kuchambua. Masikio yalinichoma kwa haya, lakini nilinawa, nikakaa mkekani, nikala. Nikala kweli.

"Kumbe una njaa hasa," akasema Mwalimu.

"Tangu asubuhi, Mwalimu. Na ningesema nimeshiba mngenivuta, najua. Kwetu mtu hafi njaa kwa adabu." Nikaweka tonge chini. "Dakta kwao hawavuti. Ukisema umeshiba, sahani inaondoshwa. Mwatum anaacha masomo."

Mwalimu aliokota konyo moja gotini pake, akalitazama, akaliweka pamoja na wenzake. Nikajisemea moyoni: haya, heshima yote ya tangu utoto umeiuza kwa sahani ya muhogo. Kisha akajifuta mikono, akaomba simu yake.

"Dakta? Ni mimi, Haroub. Kile chumba…" Akakohoa, nami safari hii sikuinamisha kichwa. "Tunakitaka. Naam. Tunakitaka sana." Aliyasema kama mtu anayemeza shubiri. Akasikiliza, akaitikia, akaiweka simu chini.

"Anasema kesho asubuhi ufunguo uchukuliwe," akaniambia. Nikamuuliza ataupitia saa ngapi. "Mimi?" akasema. "Mwakilishi si wewe? Nenda kauchukue."

Nilihisi machozi yanakuja, nikainama juu ya sahani. Ilikuwa tupu, na Bi Zulekha alikwisha shika upawa.

"Ahsante, Bi Zulekha, nimeshiba," nikasema. Wallahi nilikuwa nimeshiba. Hakuna aliyeniamini.