Chupa ya Kitanda cha Kumi na Nne

Tangu hospitali ifunge lango kwa wageni, kazi yangu ya ukarani wa mapokezi iligeuka kuwa ya kubeba chupa za chakula. Ndugu walizileta asubuhi zikiwa na plasta yenye namba ya kitanda, na mchana niliwarudishia. Hawakuwa na subira ya maneno. Walizitikisa tu. Ikiwa nyepesi, walikwenda nyumbani wamechangamka.

Mke wa fundi saa wa kitanda cha kumi na nne alileta chupa ya bluu. Siku ya kwanza aliniagiza nimwambie mzee wake kwamba supu imetiwa chumvi, asimsingizie. Fundi saa alicheka mpaka akakohoa. Akasema tangu wafunge ndoa huyo mwanamke hajui chumvi ni nini, kisha akanywa yote.

Siku ya tano hakunywa. Macho yake yalikuwa wazi juu ya kinyago cha oksijeni, lakini hayakunifuata. Wagonjwa walikuwa wamelala hadi kwenye korido, na nesi, ambaye hakuwa ameketi tangu alfajiri, aliniambia niirudishe chupa kama ilivyo.

Nilifika karibu na lango. Yule mama alikuwa amesimama kwenye alama yake ya rangi iliyochorwa chini, mikono ameshainyoosha. Nikashindwa. Nikarudi, nikamwaga supu kwenye sinki, nikaisuuza chupa.

Aliitikisa. "Amemaliza?"

"Amemaliza, mama."

"Na chumvi?"

"Anasema leo imezidi kidogo."

Alicheka peke yake pale foleni. Miaka thelathini na moja, alisema, ndiyo kwanza izidi.

Kesho yake nikamwaga tena. Na keshokutwa.

Siku ya nane nilikuwa namkabidhi mama chupa yake, nesi wa zamu alipokuja langoni, gauni la kinga mkononi. Lilikuwa moja tu kwa siku nzima, na kwa gauni hilo ndugu mmoja angeingia wodini kwa dakika kumi. Daktari alikuwa amemtaja mke wa fundi saa. Nesi alimwambia kwa upole kwamba hali ya mzee si nzuri, aje amwone.

Mama aliipigapiga chupa kwa kidole. "Mwanangu, wangu anakula. Siku zote inarudi tupu, muulize huyu binti. Mpe mwenye mgonjwa mahututi, nisije nikamdhulumu mtu."

Nesi alinitazama. Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya kusema. Nikatazama viatu vyangu. Nesi alikuwa anaitwa huku na huku, hakungoja. Gauni akapewa msichana aliyekuwa nyuma, ambaye baba yake alilazwa jana yake.

Fundi saa alifariki alfajiri ya siku iliyofuata, kabla simu haijapigwa nyumbani kwake. Mkewe alikuja na chupa kama kawaida. Nilimwambia mimi, kwa umbali wa hatua mbili tulioamriwa, na sikuweza hata kumshika mkono.



"Lakini jana alikunywa," alisema.

"Alikunywa, mama."

Akatikisa kichwa, akanipa chupa, akasema nimpe asiye na mtu wa kumletea.

Nikaipeleka wodini, bado ya moto. Plasta ilisema kumi na nne. Kitanda kilikuwa tayari na mtu.