Kiatu Ndani ya Wimbo

Hapana, si kwamba Fundi alikuwa hapendi nyimbo za vijana. Hilo wanamsingizia tu. Angekuwa hapendi, asingekaa Jumapili nzima kainamia simu ya mjukuu wake, anasikiliza huu, anasikiliza ule, huku chakula kinapoa jikoni na watoto wananung'unika njaa. Alikuwa anatafuta kitu, bwana. Na kitu chenyewe alikuwa anaona haya kukitaja.

Sasa tuanze mahali panapoeleweka.

Huyu Fundi alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona, kimebanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, kimejaa viatu vilivyofungwa kimoja na mwenzake kwa kamba, vingine vimekaa humo mpaka wenyewe miguu imeshakua. Lakini enzi zake, wiki nzima akigonga soli, Jumamosi ikifika anaoga, anajipaka mafuta, anavaa ile suruali pana chini, anakwenda kupiga gitaa kwenye bendi. Si gitaa la mbele lile la kujionyesha. Lake lilikuwa la kati, la kuunganisha, lile ambalo watu hawalisikii mpaka linyamaze.

Bendi yao ilikuwa na wimbo mmoja watu waliupenda kupita kiasi. Mtu katoka safari ya mbali, kafika kwake, kakuta mlango umefungwa. Mwimbaji anauliza kwa uchungu, "Kufuli hili nani kaliweka?" Hapo vyombo vyote vinakatika. Kimya. Kimya cha mtu kuvuta pumzi moja. Halafu ngoma inagonga, magitaa yanarudi, ukumbi unalipuka.

Jumamosi moja, mtu mmoja akaweka redio kaseti pembeni ya jukwaa, akarekodi. Ukumbi umefurika, watu wanacheza wamebanana kama nguo kwenye sanduku. Wimbo ukafika pale. "Kufuli hili nani kaliweka?" Vyombo vikakatika. Na palepale, msichana mmoja wa mbele, kavaa viatu virefu vya mchuchumio, akakanyagwa na mtu mzito. Yule binti hakujua muziki umesimama. Akapaza sauti yote aliyojaliwa:

"Nani huyo kanikanyaga kiatu?"

Ukumbi mzima ulicheka. Fundi kule jukwaani alicheka mpaka kidole kikateleza, na vyombo viliporudi yeye akarudi vibaya, gitaa likalia kama paka aliyefungiwa kabatini. Vyote vikaingia kwenye kaseti: sauti ya yule binti, na yule paka.

Walipopumzika Fundi akashuka, akamkuta kakaa na kiatu mkononi, ukanda umeng'oka.

"Lete hicho, mimi ni fundi."

Binti akamtazama juu mpaka chini. "Fundi gani wewe? Si ndiye uliyekosea sasa hivi?"

"Wewe ndiye umenichekesha."

"Haya, kiatu nacho usije ukakikosea."

Hakukikosea. Na tangu hapo kile kiatu kikawa kinaharibika kila wiki, sijui kilikuwa na ugonjwa gani, mpaka wazee wakatumwa kwenda kuposa. Fundi mwenyewe alikuwa anasema kiatu ndicho kilichooa, yeye alisindikiza tu.

Basi wakapata nyumba, wakapata watoto, na ile kaseti ikawa saa ya nyumba. Ndiyo, saa. Maana yule mama alikuwa hapendi kabisa watu waingie jikoni kwake kufunua masufuria. Kila Jumapili, chakula kikikaribia, anapaza sauti: "Washeni kaseti! Wimbo ukiisha, kaeni!" Na wimbo wenyewe ulikuwa mrefu, si unajua nyimbo za dansi za zamani, mwanzo huzuni, halafu magitaa yanakimbizana mpaka unasahau mtu kalalamika nini. Yeye huko anapakua. Wimbo ukikata, chakula kiko mezani. Ukikaa kabla, unarudishwa kunawa mikono upya, uwe mtoto, uwe mgeni. Hata mkwe, siku ya kwanza kuja kujitambulisha, alirudishwa.

Halafu yule mama akaondoka duniani.

Kaseti ikabaki. Na hapo ndipo penyewe, sikilizeni vizuri. Sauti yake haikuwa mahali pengine popote. Alikuwa akiona simu inaelekezwa kwake anajifunika uso na mtandio, "Hebu niondoleeni mdudu huyo." Kwa hiyo katika dunia nzima alibaki pale tu, kwenye ule upenyo, anauliza habari za kiatu. Kila Jumapili Fundi alikuwa anavuta kiti mpaka kwenye spika, anainama. Watoto wakasema mzee masikio yameanza kuchoka. Akawaacha waseme.

Sasa siku moja redio ikala kaseti. Ikaitafuna, wimbo ukavutika, "kufuuuli," ikanyamaza. Mkwe, huyu mume wa binti yake mkubwa, ni fundi magari. Mikono ya giaboksi. Akasema, "Niachie mimi, mzee."

Aliuvuta ule mkanda kama mtu anayetoa utumbo wa kuku. Ukakatika. Akauunga. Unajua aliuunga na nini? Na gundi ya viatu, ya mzee mwenyewe, katoa kibandani. Asubuhi yake kaseti nzima ilikuwa imeshikana, mkanda, magurudumu, kifuniko, ungeweza kuiweka mlangoni ikawa kizuizi.

"Mzee," mkwe akasema, kichwa chini, "gundi yako ni nzuri mno."

Fundi alisema hapana neno, mwanangu, kaseti ni kitu cha kupita. Akaingia chumbani, akakaa huko mpaka jua likapungua.

Tangu siku ile Jumapili za nyumba ile zikalegea. Hakuna aliyejua akae saa ngapi. Huyu anakula kasimama kwenye friji, yule kabeba sahani mbele ya televisheni, mwingine anasema atakula baadaye. Binti anaita mpaka sauti inakauka. Mzee anaweka sahani magotini pale kizingitini, anakula kidogo, anasema ameshiba.

Ndipo akaja mjukuu, mtoto wa huyo binti na fundi magari. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu tangu anajifunza kuongea hajanyamaza, na sasa kuongea kumekuwa kazi, anaimba na kikundi kwenye maharusi. Jumapili moja akaja na simu yake na kispika kidogo.

"Mume wangu," akamwambia babu yake, "eti unanuna kwa sababu ya kaseti? Wimbo wako huu humu ndani umejaa tele. Watu wameuimba upya mpaka basi."

"Mimi sinuni. Weka tusikie."

Akaweka wa kwanza. Watu wa kinanda, taratibu, sauti laini. Fundi akainamisha sikio. Kufuli hili nani kaliweka. Kimya kikaja. Kitupu. Kikapita.

"Siyo huu," Fundi akasema. "Hawa wanaimba kama wanaogopa kuamsha mtoto."

Akaweka wa pili. Vijana, mbio mbio.

"Hawa nao! Kufuli halijafungwa, wameshaingia ndani."

Mkwe akacheka, akakumbuka kosa lake, akaacha kucheka.

Wa tatu ulikuwa wa ukumbini, wamerekodi mbele ya watu. Kina mama watatu wanaimba, wazuri kweli, ungewasikia ungetulia. Fundi alishika kiti kwa mikono miwili. Kufuli hili nani kaliweka. Kimya. Mtu mmoja huko ukumbini akakohoa.

"Siyo," akasema, na safari hii hakutia mzaha.

"Baba!" binti yake akaita kutoka jikoni. "Chakula kinapoa! Nyie hapo mnakula simu?"

"Mama, subiri kidogo," Chiriku akasema. "Nimebakiza mmoja, huu hawezi kuukataa." Akaweka. Ikawa ni bendi yenyewe, ile ya Fundi, walivyorekodi studio. "Babu, huyu anayepiga gitaa la kati si wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Nimepiga vizuri mno."

"Jamani!" Chiriku akajitupa ukutani. "Huyu mwanaume ana gubu! Haya, basi na mimi niseme langu, maana kuna kitu kinaniudhi humu. Hawa wote wameruka pale pa kiatu."

Fundi akageuka polepole. "Pa kiatu wapi?"

"Pale! Kufuli hili nani kaliweka, halafu, nani huyo kanikanyaga kiatu. Wote wameparuka. Hata nyinyi wenye wimbo wenu mmeparuka! Utamu wote uko pale."

Fundi akavuta kiti chake karibu naye.

"Kwani wewe," akauliza, "unafikiri pale ni nini?"

"Si mke anamjibu mumewe? Yule bwana karudi, giza, anapapasa mlango, kumbe mkewe kalala mlangoni anamsubiri, kamkanyaga. Tangu mtoto najua hivyo."

"Mimi nilijua ni msichana wa bendi," mkwe akasema. "Muitikiaji."

Binti akatokea na upawa mkononi. "Muitikiaji gani? Si mama alikuwa anaitikia kila ikifika pale? Ndiyo maana na sisi tukawa tunaitikia. Anayeoga, anayeosha vyombo, kaseti ikifika pale wote tunaitikia. Ni kiitikio hicho."

Unaona mambo hayo? Nyumba nzima, miaka yote, walikuwa wameumeza ule mkanyago kama sehemu ya wimbo, na hakuna aliyewahi kuuliza. Nani anauliza saa ya ukutani kwa nini inagonga? Na wenyewe wawili walinyamaza, maana mama yule alimwapisha mumewe, "Usije ukawaambia watoto kwamba nilipiga kelele ukumbini kwa ajili ya kiatu, watanidharau."

Fundi akakohoa. Akajifuta uso wote kwa kiganja.

"Kile siyo kiitikio," akasema. "Ni bibi yenu yule. Ni siku niliyomwona. Kuna mtu alimkanyaga kweli."

Upawa ukadondosha mchuzi sakafuni, binti hakuona.

"Mama?" akasema.

"Mama yako. Hakuna pengine aliposikika. Ndiyo maana nilikuwa navuta kiti karibu. Mimi masikio yangu mazima."

Mkwe akaangalia mikono yake kama anataka kuikabidhi kwa mtu.

"Ina maana," Chiriku akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi huwa namwimba bibi kazini?"

"Unaimba wapi?"

"Kila harusi! Mpiga ngoma wangu mwanzoni alikataa, akasema hiyo haimo. Nikamwambia imo, wewe hujui, nimeusikia kwetu tangu nazaliwa. Sasa nikifika pale nanyamaza tu, ukumbi mzima ndio wanasema. Subiri." Akapekua simu, akaweka.

Kelele za watu, vijiko, kicheko. Sauti ya Chiriku inauliza habari za kufuli. Kimya. Halafu ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, watu ambao hawakuwa wamezaliwa siku ile, wakauliza kwa pamoja nani huyo kawakanyaga kiatu.

Fundi akacheka. Akaomba arudiwe. Akacheka tena, kisha akamrudishia simu.

"Maneno ni yake," akasema. "Mwenyewe angejificha chini ya meza. Ila mimi, mjukuu wangu, nilikuwa natafuta sauti."

Basi mkwe akasimama, akaenda chumbani, akarudi na gitaa la mzee lililokaa miaka juu ya kabati, vumbi tupu.

"Mzee, limebaki na nyuzi tano."

"Tano zinatosha kukosea," Fundi akasema, akalipokea.

Akalikaza, akalisikiliza, akalikaza tena. Chiriku akasogea. Binti akakumbuka sufuria alilolirudisha motoni, "Mchuzi wangu jamani!" akakimbia. Fundi akaanza. Vidole vilikuwa vizito, vidole vya nyundo, lakini njia vilikuwa vinaijua. Chiriku akaimba bila mbwembwe za kazini, mtu wa safari akafika kwake, akakuta mlango umefungwa. Mkwe akagonga ngoma kwenye meza kwa viganja.

"Kufuli hili nani kaliweka?"

Fundi akafunika nyuzi kwa kiganja. Chiriku akajiandaa kuitikia, akamwona babu yake amefumba macho, akafunga mdomo. Kimya kikawa kimya kweli.

Na kule jikoni, katika moshi wa mchuzi, binti ambaye mikono yake ilikuwa kwenye sufuria, na hakuwa anafikiri lolote ila asiungue, akaitikia kama alivyokuwa akiitikia Jumapili zote za maisha yake:

"Nani huyo kanikanyaga kiatu?"

Na ile hasira ya juu juu, na ile "kiatu" inayopanda mwishoni kama inataka kugombana na dari. Koo ni lilelile. Alirithi koo, hakujua, hakuna aliyejua, kwa sababu kaseti ilikuwa inasema naye kwa wakati mmoja, sauti mbili zinalaliana, huwezi kuzitenga.

Kidole cha Fundi kikateleza. Gitaa likalia kama paka kabatini.

"Baba, umekosea!" binti akapiga kelele kutoka jikoni.

"Umenichekesha wewe!" Fundi akajibu, na machozi yanamfika kidevuni.

Hakuacha kupiga. Sheria ni sheria, wimbo lazima uishe. Akaupeleka wote, na ile sehemu ndefu ya kukimbizana, ncha za vidole zinawaka, mkwe anagonga meza mpaka chumvi inaruka. Watoto wakatoka mbele ya televisheni wenyewe, hawakuitwa. Na huku nyuma sahani zinapita, sufuria linapita, jagi la maji linapita. Nyuzi tano zikalia mara ya mwisho, zikanyamaza.

Binti akasimama mlangoni, anajipangusa mikono. "Wimbo umeisha. Kaeni."

Viti vikavutwa. Mtoto mmoja alikuwa ameshakaa zamani, akarudishwa kunawa upya. Pakabaki kiti kile cha karibu na jikoni ambacho tangu msiba watu walikuwa wanakizunguka tu. Fundi akakivuta kwa mguu.

"Kaa hapo, mke wangu," akamwambia Chiriku, "unatujazia njia."

"Nakaa," Chiriku akasema, "lakini miguu yako iangalie huko chini. Nimevaa viatu vipya."

Wakacheka, sufuria likafunuliwa, na wakala wote wamekaa.