Matobolwa Kwenye Kishikwambi

Vitabu vyote vya maktaba ya hapa Samuye nimevisoma mimi, na elimu yangu ni darasa la saba. Vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa daftari la chanjo ya mbuzi alilolisahau bwana mifugo.

Sasa tumeletewa maktaba ya vishikwambi, kumi na viwili, vinakaa shuleni kwa Mwalimu Evelina. Na mchapishaji tunaye: Samwel, aliyetoka Chato kuja kuoa huku. Kuku walimshinda kufuga. Akaenda Kahama miezi mitatu, akarudi na miwani ya kioo kitupu na kadi zilizoandikwa "Mchapishaji wa Vitabu vya Kidijitali".

Alikaa uani kwangu siku nne akinirekodi kwa ajili ya kitabu. Mimi namenya viazi, yeye kanielekezea simu mdomoni kama mng'oa meno. Nikamweleza yote: viazi vikavu, yaani michembe na matobolwa, na majani ya kunde yanavyokaushwa yavuke mwaka wa njaa. Chakula changu alikila mpaka akakomba sufuria.

"Jina lako ndilo litatangulia, mayu, mama yangu," akaniambia.

Hela sikutaka. Nilitaka jina tu, Eufrasia, wajukuu walisome kwenye kioo.

Siku ya uzinduzi, darasani, Mwalimu Evelina akakitupia kitabu ukutani kwa projekta. Kwenye jalada yuko Samwel na suti, kashika ungo kama usukani wa lori. Jina langu nikalitafuta mpaka kwenye shukrani. Kamshukuru Mungu, kamshukuru na fundi wa kompyuta yake.

Nikasimama. "Samwel, mimi niko ukurasa wa ngapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa ngapi?"

"Bibi, kitabu cha kidijitali hakibebi majina mengi. Kinakuwa kizito, hakipakuliki."

Watu wakatikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Hawa ningeweza kuwauzia kivuli chao wenyewe.

"Halafu," akaongeza, kifua mbele, "haya yote nimefundishwa na mama yangu mzazi. Yule pale."

Mama yake, Rhoda, alikuwa ameshuka basi la Chato jana yake tu. Maisha yake yote kazi yake ni kuanika dagaa. Mwalimu Evelina akampelekea maiki.

"Karibu sana, Mama Samwel. Hebu tueleze, matobolwa unayaandaaje?"

Rhoda akasimama, akanyoosha kitenge kipya.

"Unamenya viazi. Unavikata vibichi. Unavianika."

Darasa zima likaguna. Hiyo ni michembe! Matobolwa lazima kiazi kichemshwe kwanza. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anakucheka ukikosea.

"Vibichi, mama?" Evelina akauliza, mpole kabisa.

Rhoda akageuka kumtafuta mwanawe, maiki bado iko mdomoni.

"Samwel, mwanangu, pale kwenye viazi ulisema niseme nini?"